Mti wa Pambo Wenye Jani Jekundu

Mkulima mmoja wa Bonde la Lambwe alikuja ofisini kwetu na picha ya mti wa jamii ya mnazi, ambao jani lake changa ni jekundu kama pilipili iliyoiva. Aliuliza mambo mawili: Je, huu ni ugonjwa? Na kama si ugonjwa, auze mtamba wake anunue miche 50?

Si ugonjwa. Wataalamu huuita mti huo Chambeyronia macrocarpa, na asili yake ni New Caledonia, visiwa vya Bahari ya Pasifiki vilivyo mashariki ya Australia. Jani jipya hufunguka likiwa jekundu, na baada ya siku 10 hivi huanza kugeuka kijani kama mengine. Jambo hili si geni kwetu. Utazame mwembe wako unapochipua: majani machanga ni mekundu na malegevu, kisha hukomaa yakawa ya kijani. Yadhaniwa kwamba wekundu hulikinga jani changa na jua kali. Basi usipige dawa. Jani la kutilia shaka ni lile lililokwisha kuwa kijani likageuka manjano.

Kuhusu mtamba, nilimwambia asiuze. Mti huu ni wa msitu wenye unyevu. Ukiwa mchanga hutaka kivuli na maji siku zote, tena ni mvivu wa kukua. Mbegu yaweza kukaa ardhini miezi kadhaa kabla ya kuota. Katika udongo mweusi wa Lambwe, ambao maji hutuama wakati wa mvua kubwa na ambao hupasuka nyufa wakati wa kiangazi, miche mingi ingekufa kabla mnunuzi hajafika. Na huyo mnunuzi ni nani?

Mtu akitaka mmoja wa kufurahisha macho, sina neno. Aupande karibu na mahali pa kuogea, atie samadi iliyooza, auwekee kivuli. Lakini asilete mbegu wala mche kutoka ng'ambo bila kibali cha KEPHIS, maana wadudu na magonjwa husafiri pamoja na mche.

Mwenye shamba linalofika mtoni, kama wale wa kando ya Mto Kuja, huenda ana mkindu tayari. Jani lake si la kupigiwa picha, lakini likikatwa kabla ya kufunguka na kuanikwa, hutoa ukindu wa mikeka na vikapu. Kata jani tu, usichimbe ndani ya kichwa cha shina: moyo wake ukikatwa, shina hilo hufa.