Safari Ndefu ya Kuwazuru Jamaa: Tahadhari ya Usingizi wa Dereva

Familia inayotoka London kwenda Glasgow, ikipitia kwa jamaa wa Birmingham na Manchester, husafiri zaidi ya maili 400. Hatari mara nyingi huanza pale wanapoagana: chakula kimeliwa, mazungumzo yamenoga, na dereva hushika usukani usiku akiwa amekwisha kuchoka. Usingizi huelemea zaidi kati ya saa 6 za usiku na saa 12 za asubuhi.

Kanuni za barabarani za Uingereza hushauri mapumziko ya angalau dakika 15 kila baada ya saa 2 za kuendesha. Mapumziko hayo yaweza kupangwa pamoja na nyakati za sala na za watoto kunyoosha miguu.

Kufungua dirisha au kuongeza sauti ya redio hakuondoi usingizi. Dereva anayesinzia aegeshe gari kwenye kituo cha mapumziko, kamwe si ukingoni mwa motowei. Anywe vikombe 2 vya kahawa, kisha alale angalau dakika 15.

Mwenyeji anayemwona mgeni wake amechoka na amwandalie malazi, na mgeni asione haya kukubali.