India: Bengaluru yatafuta dawa ya foleni, kati ya handaki la mabilioni na mabasi ya kawaida

Ikifika saa tatu asubuhi siku ya kazi, makutano ya barabara ya Silk Board, kusini mwa mji wa Bengaluru, hayapitiki kwa urahisi. Mabasi ya buluu yanasimama nyuma ya malori, bajaji zinabanana na magari madogo, na pikipiki zinatafuta upenyo hata juu ya njia za waenda kwa miguu. Wakaaji wa mji huu, ambao ni kitovu cha kazi za kompyuta nchini India, wamezoea kutaja jina la Silk Board kwa mzaha wenye uchungu: kila mtu ana kisa chake cha mkutano aliouchelewa au ndege iliyomwacha.

Uchungu huo unapimika. Kwa mujibu wa kampuni ya Uholanzi ya TomTom, inayopima mwendo wa magari katika mamia ya miji duniani, mwaka 2024 dereva wa Bengaluru alitumia wastani wa dakika 34 na sekunde 10 kwenda kilomita 10 tu. Ni Barranquilla ya Kolombia na Kolkata, mji mwingine wa India, iliyokuwa na mwendo wa pole zaidi. Mwaka 2019, kampuni hiyo hiyo iliiweka Bengaluru nafasi ya kwanza duniani kwa msongamano.

Swali linalogawanya viongozi, wataalamu na raia sasa si kama kuna tatizo. Ni kujua pesa ziende wapi: kwenye barabara mpya za magari, au kwenye mabasi, treni na njia za miguu.

Mji uliokua kuliko barabara zake

Hesabu ya watu ya mwaka 2011 ilikuta wakaaji wapatao milioni 8.4 katika mji huu, makao makuu ya jimbo la Karnataka. Leo makadirio yanapita milioni 13. Magari yaliyoandikishwa yamevuka milioni 10, na takriban theluthi mbili ni pikipiki.

Kazi nazo zilihamia pembeni. Tangu miaka ya 1990, kampuni za teknolojia zilijenga ofisi Electronics City upande wa kusini, Whitefield upande wa mashariki, na kando ya barabara ya mzunguko iitwayo Outer Ring Road. Ofisi zilitangulia, treni zikafuata miaka mingi baadaye. Katikati ya pengo hilo, mfanyakazi aliyepata mshahara mzuri alinunua pikipiki, kisha gari.

Mwezi Septemba 2025, kampuni ya BlackBuck ilitangaza kuwa inaondoka Outer Ring Road baada ya miaka tisa. Mkuu wake alieleza kwamba wafanyakazi walikuwa wakitumia zaidi ya saa moja na nusu kufika kazini, katika barabara zilizojaa mashimo. Tangazo hilo lilizua mjadala mkubwa, kwa sababu mji unaoishi kwa kampuni hizo unaogopa kuzipoteza.

Handaki la kilomita 16

Jibu kubwa la serikali ya jimbo ni handaki. Naibu kiongozi wa serikali ya Karnataka, D.K. Shivakumar, ambaye pia anasimamia maendeleo ya Bengaluru, anatetea barabara ya chini ya ardhi ya karibu kilomita 16.7, kutoka Hebbal kaskazini hadi Silk Board kusini. Gharama imekadiriwa kuwa zaidi ya rupia bilioni 170, yaani karibu dola bilioni 2 za Kimarekani. Wanaounga mkono wanasema juu ya ardhi hakuna tena nafasi ya kupanua barabara bila kubomoa nyumba za watu.

Wapinzani wana hoja tatu. Kwanza, handaki limepangwa kwa magari, na pikipiki na bajaji hazitaruhusiwa kuingia, ingawa ndizo zinazobeba watu wengi wa kipato kidogo. Pili, kuna hofu kuhusu bustani ya kale ya Lalbagh, iliyo karibu na njia hiyo, na kuhusu maji ya chini ya ardhi. Tatu, wanasema barabara mpya huvuta magari mapya. Profesa Ashish Verma, mtaalamu wa usafiri katika Taasisi ya Sayansi ya India iliyo mjini humo, ni miongoni mwa wanaoeleza kwa miaka mingi kwamba kuongeza nafasi ya magari hutuliza foleni kwa muda mfupi, kisha foleni hurudi.

Mji una kumbukumbu za kuunga mkono shaka hiyo. Daraja la juu la Ejipura, la kilomita 2.5 tu, lilianza kujengwa mwaka 2017, mkandarasi akaondolewa, na kwa miaka nguzo zilibaki zimesimama bila barabara juu yake huku zikibana magari yanayopita chini. Mwaka 2016, maelfu ya wakaaji walishikana mikono barabarani kupinga daraja la chuma la kuelekea Hebbal, ambalo lingekata miti zaidi ya 800. Machi 2017, serikali iliufuta mradi huo.

Basi linabeba watu, si vyuma

Dawa ya bei nafuu zaidi ipo tayari barabarani. Shirika la mabasi la mji, BMTC, lina mabasi takriban 7,000 na hubeba abiria zaidi ya milioni 4 kwa siku. Hesabu ni nyepesi: basi lenye abiria 60 huchukua nafasi ya magari madogo mawili au matatu. Abiria hao wakienda kila mmoja na gari lake, wanajaza barabara nzima.

Lakini basi likikaa kwenye foleni ile ile na magari, mwenye gari haoni sababu ya kuliacha lake nyumbani. Ndiyo maana mwishoni mwa 2019 Bengaluru ilitenga njia ya mabasi pekee kwenye Outer Ring Road, kati ya Silk Board na KR Puram, ikaizungushia vigingi. Safari za basi zilifupika. Baadaye ujenzi wa reli ya metro ulianza katika barabara hiyo hiyo, vigingi vikaondolewa, na magari yakarudi kuitawala njia.

Tangu Juni 2023, wanawake wa Karnataka wanapanda mabasi ya kawaida ya serikali bila kulipa, katika mpango uitwao Shakti. Mabasi yamejaa kuliko zamani, ishara kwamba watu wako tayari kupanda. Kinachodaiwa sasa ni mabasi zaidi, na njia yao yenyewe irudi.

Treni zinazochelewa

Metro ya Bengaluru, iitwayo Namma Metro, ilianza Oktoba 2011 kwa kipande kisichofika kilomita 7. Agosti 2025, Waziri Mkuu Narendra Modi alizindua njia ya manjano ya kilomita 19 inayofika Electronics City na kupita Silk Board, na mtandao mzima ukapita kilomita 96. Hata hivyo, njia hiyo ilianza na treni tatu tu, abiria wakisubiri hadi dakika 25.

Bei nayo ina uzito. Februari 2025, nauli ya juu kabisa ilipanda kutoka rupia 60 hadi 90, na idadi ya abiria ikashuka. Kwa familia yenye pikipiki, hesabu ya petroli ilishinda hesabu ya tiketi.

Reli ya vitongoji, ya kilomita 148, imezungumzwa tangu miaka ya 1980. Jiwe la msingi liliwekwa Juni 2022 kwa ahadi ya kumaliza ndani ya miezi 40. Muda huo ulipita bila abiria kupanda treni hata moja ya mradi huo.

Mambo madogo yenye faida

Wakati miradi mikubwa ikisubiriwa, polisi wa trafiki wanajaribu hatua ndogo. Taa za makutano mengi sasa zinaongozwa na kamera zinazohesabu magari na kurefusha au kufupisha muda wa kijani. Malori makubwa yanazuiwa kuingia mjini saa za msongamano. Kampuni zimeombwa kuwaruhusu wafanyakazi kufanyia kazi nyumbani siku ya Jumatano, ambayo imeonekana kuwa nzito kuliko nyingine.

Katikati ya mji, barabara kadhaa zimejengwa upya kwa mpango wa TenderSURE: njia pana za miguu, na nyaya na mabomba yamezikwa kwa utaratibu ili lami isichimbwe kila mara. Wengine walilalamikia gharama na kupunguzwa kwa upana wa barabara. Lakini mtu anayeweza kutembea kwa usalama hadi kituo cha treni ni gari moja lililopungua barabarani.

Septemba 2025, kiongozi wa serikali ya jimbo, Siddaramaiah, alimwandikia Azim Premji wa kampuni ya Wipro, akiomba magari yapite ndani ya uwanja wa kampuni hiyo ili kupunguza foleni ya Outer Ring Road. Premji alikataa kwa heshima, akisema hiyo ni mali binafsi yenye masharti ya kisheria, lakini akajitolea kugharamia utafiti wa kitaalamu.

Nani anaamua?

Ugumu mwingine ni mamlaka kuwa nyingi. Basi lina shirika lake, metro lake, reli ya vitongoji lake, polisi wana yao, na idara za maji na umeme huchimba kwa ratiba zao. Mwishoni mwa 2022, bunge la Karnataka lilipitisha sheria ya kuunda chombo kimoja cha usafiri wa mji. Septemba 2025, halmashauri ya mji iligawanywa kuwa tano, chini ya mamlaka moja kubwa ya Bengaluru.

Wakaaji wataupima muundo huo mpya kwa mambo ya kila siku: kama mashimo yatazibwa kabla ya mvua, kama njia ya basi itarudi baada ya metro kukamilika, na kama tiketi ya treni itakuwa nafuu kuliko petroli. Mambo hayo matatu hayahitaji handaki. Yanahitaji uamuzi, na uamuzi huo bado unasubiri kwenye foleni ile ile ya Silk Board.