Acheni Kuniuliza Kozi ya Photoshop

"Nisome kozi gani ya Photoshop nipate kazi ya ufundi dijitali studioni?" Hakuna. Nimelijibu swali hili mpaka ulimi umeota sugu. Anayesafisha picha baada ya watu kwenda nyumbani ni mrekebishaji, na ana mkataba wake. Fundi dijitali yuko kando ya kamera picha inapopigwa: kebo imeunganishwa, kila picha inadondoka kwenye skrini yake, na mteja pamoja na watu wa wakala wa matangazo wamemsimamia mgongoni.

Wanaouliza hivyo wote wamelelewa na imani moja: "Si tunapiga RAW? Tutarekebisha baadaye." Imani hiyo imetia watu hasara kubwa kuliko wezi wa kamera.

Ni kweli faili la RAW linabeba mengi kuliko JPEG. Urari wa weupe unabadilishwa utakavyo, na kivuli kinainuliwa, ingawa kitakuja na chengachenga. Basi. Sensa ya biti 14 ina ngazi 16,384 za mwanga kwa kila nukta. Nukta ikishajaa, imejaa. Shati jeupe lililoungua halina uzi wala mshono ndani ya faili. Ukivuta kitelezi, programu inakisia kutoka kwa nukta za jirani na kukupa bapa la kijivu. Wala usinionyeshe histogramu ya nyuma ya kamera kuwa ushahidi, maana kwa kawaida huchorwa kutokana na JPEG, si RAW yenyewe.

Rangi ndiyo balaa zaidi. Mtu anapewa katalogi ya vitenge, ananunua taa za LED za bei poa zilizoandikwa CRI 80, anajiona kamaliza. Namba hiyo, kipimo cha uaminifu wa taa kwa rangi, ni wastani wa alama za rangi nane zilizopoa. Nyekundu iliyokolea, inayoitwa R9, haimo kwenye hesabu, kwa hiyo taa inaweza kujigamba kwa 80 huku wekundu wake ni wa kuombaomba. Kitambaa hakiwezi kuakisi mwanga ambao haukukifikia! Ukiongeza wekundu kwenye programu, unaongezeka hadi kwenye pua ya mwanamitindo, na vitenge viwili vinavyotofautiana juani huenda vikabaki pacha ndani ya faili. Hakuna kitufe cha kuvitenganisha. Mnunuzi atakaporudisha mzigo akidai sio rangi aliyoiona, atakuwa na haki.

Siku hizi kuna wanaoniambia akili mnemba itanoa picha iliyokosa fokasi. Itanoa, kwa kubuni. Jaribu kwenye lebo ya dawa uone herufi itakazokutungia, kisha mpelekee mwanasheria wa mteja. Na mawimbi ya rangi yanayojitokeza pichani kwenye suti ya mistari midogo huondoka mpigapicha akisogea hatua moja au akibadili pembe kidogo, lakini lazima awepo mtu wa kuyaona kabla suti haijavuliwa. Mtu huyo ndiye wewe, fundi dijitali, na ndiyo maana unalipwa.

Sasa cha kujifunza, na sitarudia. Capture One, upande wa sesheni: folda zake nne na upangaji wa majina ya faili kabla ya picha ya kwanza. Kebo ya USB 3 isiyo na kikuza ishara isizidi mita 3, na ya akiba iwe mfukoni. Skrini ipimwe kwa kifaa, weupe wa D65 na mwangaza wa kandela 120 kwa mita ya mraba. Kulinganisha na simu yako ni utani. Kila taa zikibadilika, piga kwanza kadi ya rangi yenye miraba 24. Nakala tatu, aina mbili za hifadhi, moja nje ya studio, zikinakiliwa kwa programu inayohakiki kila faili. RAID ya diski mbili zinazoakisiana si nakala: ukifuta kwa bahati mbaya, diski zote mbili zinafuta pamoja. Kadi isifutwe kabla hujafungua nakala na kuzitazama. UPS iwepo, umeme ukikatika. Halafu omba kubeba stendi za taa kwa mtu anayepiga matangazo, hata kwa nauli tu.

Nyumbani fanya zoezi hili: rafiki akupigie chupa ya soda kwa kebo, kisha achomoe kebo bila kukuonya. Hesabu sekunde hadi picha inayofuata iingie, ikiwa na jina sahihi, kwenye folda sahihi.