Sinapsi na Kahawa: Jinsi Seli za Neva Zinavyopashana Habari

Ubongo wa binadamu una takribani seli za neva bilioni 86. Seli hizo hupashana habari mchana na usiku, ingawa kwa kawaida hazigusani. Kati ya seli moja na ya pili huwa kuna mwanya wa nanomita 20 hivi, sawa na sehemu 1 kati ya 50,000 za milimita. Mahali hapo panaitwa sinapsi. Msukumo wa umeme husafiri ndani ya seli hadi kwenye ncha yake, lakini katika sinapsi nyingi hauwezi kuuvuka mwanya. Kinachovuka ni kemikali iitwayo nyurotransmita.

Ushahidi wa jambo hilo ulipatikana mwaka 1921 huko Graz, Austria. Otto Loewi alisisimua neva inayopunguza mapigo ya moyo wa chura, kisha akachukua maji yaliyouzunguka moyo huo na kuyapitisha kwenye moyo wa chura mwingine. Moyo wa pili nao ukapunguza mapigo, ilhali neva yake haikuguswa. Kemikali iliyokuwamo ilikuja kujulikana kuwa asetilikolini. Mwaka 1936 Loewi na Henry Dale walipewa Tuzo ya Nobel.

Nyurotransmita huhifadhiwa kwenye vifuko vidogo vilivyojipanga kwenye ncha ya neva. Kila kifuko kina upana wa nanomita 40 hivi na hubeba maelfu ya molekuli. Msukumo wa umeme unapofika, vijia vya kalsiamu vilivyo kwenye utando wa seli hufunguka. Kwa kuwa kalsiamu iliyo nje ya seli inazidi ya ndani kwa takribani mara 10,000, huingia kwa kasi kubwa. Humo hunaswa na protini iitwayo sinaptotagmini. Papo hapo protini nyingine, za kundi la SNARE, hujisokota pamoja na kuuvuta utando wa kifuko mpaka uungane na utando wa seli, na yaliyomo humwagika kwenye mwanya. Kazi yote hiyo huweza kukamilika chini ya milisekunde 1. Bernard Katz, aliyeonyesha kuwa kemikali hutoka kwa mafungu na si kwa kuchuruzika, alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1970.

Ng'ambo ya mwanya, molekuli hizo hunasa kwenye vipokezi vya seli inayofuata. Glutamati huichochea seli hiyo, GABA huituliza. Seli moja huweza kupokea taarifa kutoka maelfu ya sinapsi na kuzijumlisha kabla ya kutuma msukumo wake. Kisha mwanya lazima usafishwe, ama kwa kemikali kurudishwa ndani ya seli, ama kwa kuvunjwavunjwa na kimeng'enya. Asetilikolini huvunjwa na asetilikolinesterasi. Usafishaji una uzito uleule wa utoaji, kwani taarifa isiyokoma huizuia taarifa inayofuata kusikika.

Katika kata ya Iyula, wilayani Mbozi, mkoani Songwe, hatua hizo mbili, utoaji na usafishaji, zinahusiana moja kwa moja na zao la kahawa. Kahawa ya arabika inayolimwa Mbozi ina kafeini karibu asilimia 1.2 ya uzito wa buni. Robusta ya Kagera huwa na karibu maradufu. Mtu anapokuwa macho kwa muda mrefu, adenosini huongezeka ubongoni. Ikinasa kwenye vipokezi vya ncha ya neva, hupunguza kalsiamu inayoingia, na vifuko vinavyomwagika huwa vichache. Kafeini hukaa kwenye vipokezi hivyo kama ufunguo unaoingia kwenye kufuli bila kuigeuza. Adenosini hukosa nafasi, breki hulegea, na usingizi husogezwa mbele. Uchovu wenyewe haujaondoka, ndiyo maana hurudi kafeini inapopungua mwilini.

Hatari iko upande wa usafishaji. Baadhi ya viuatilifu vya kuua wadudu wa mazao, kikiwamo klorpirifosi, ni vya kundi la oganofosfati. Hukizuia kimeng'enya asetilikolinesterasi, kwa mdudu na kwa mpulizaji vilevile, na huingia mwilini kwa ngozi, pumzi au kinywa. Asetilikolini ikirundikana, mboni za macho husinyaa, mate, machozi na jasho hutiririka, tumbo huharisha na misuli hutetemeka. Sumu ikizidi, misuli ya kupumulia hulegea na mtu huweza kufa.

Mwenye dalili hizo aondolewe shambani mara moja, avuliwe nguo zilizolowa, aoshwe kwa maji mengi na sabuni, kisha apelekwe kituo cha afya pamoja na lebo ya dawa iliyotumika. Anayemhudumia asiguse dawa hiyo kwa mikono mitupu. Hospitalini, atropini huziba baadhi ya vipokezi ili asetilikolini iliyorundikana isiendelee kuvichochea. Pralidoksimu, ikiwahi, huweza kukifungua kimeng'enya kilichozuiwa. Kinga ni glavu, barakoa inayofaa, mavazi yanayofunika mwili, kupuliza kwa kuufuata upepo, na kunawa kabla ya kula. Vifaa hivyo vinastahili kuhesabiwa katika gharama za shamba, sawa na mbolea na dawa yenyewe.