Kwa nini klorini ni 35.45 na siyo 36?



Vijana wetu huku ughaibuni wanasoma kemia kwa Kiingereza, lakini wakikwama jioni wanatuuliza sisi kwa Kiswahili. Swali ninaloletewa kila mwaka ni hili: klorini ina isotopu mbili, ya 35 na ya 37, na katikati yake ni 36. Mbona jedwali la elementi linasema 35.45?

Mimi huwaanzishia na maembe. Chukua pakacha la maembe manne: matatu yana gramu 350 kila moja, la nne gramu 370. Ukijumlisha 350 na 370 ukagawa kwa mbili, umeyahesabu madogo na makubwa kana kwamba idadi yake ni sawa, na siyo. Pima yote: 1050 na 370 ni 1420. Gawa kwa 4, unapata 355. Na tazama, humo pakachani hakuna embe hata moja la gramu 355!

Klorini ni hivyo hivyo. Atomi zake zote zina protoni 17, ila nyutroni ni 18 kwa klorini-35 na 20 kwa klorini-37. Katika kila atomi 100, kama 76 ni nyepesi na 24 ni nzito. Basi zidisha tungamo la kila isotopu kwa sehemu yake, halafu jumlisha:

34.969 × 0.7576 = 26.49
36.966 × 0.2424 = 8.96
Jumla = 35.45

Hebu kagua mambo mawili. Kwanza, sehemu zote zijumlike kuwa 1. Pili, jibu likae kati ya isotopu hizo mbili, tena liegemee upande wa iliyo nyingi.

Desimali hizi ziliwasumbua hata mabingwa. Ilikuwa mwaka 1919, kule Cambridge, Francis Aston alipotenganisha atomi kwa uzito wake kwa chombo alichokiunda, akaonyesha kuwa klorini ni mchanganyiko. Mwaka 1922 akapewa Nobel ya kemia.

Kwa hiyo mwanao akiandika 36, usimwambie hajui hesabu. Kugawa anajua. Muulize tu: madogo ni mangapi, na makubwa ni mangapi?