Kabati la Babu na Fundi Mwenye Haraka: Namna ya Kukarabati na Kutunza Samani za Urithi

Msiba ukiisha na wageni wakarudi makwao, ndugu hukaa kikao cha mirathi. Shamba huzungumzwa mchana kutwa, nyumba kwa siku mbili, ng'ombe huhesabiwa mmoja mmoja. Kisha mtu anauliza: na vitu vya ndani je? Hapo jibu huwa jepesi: "Vya zamani hivyo, gawaneni tu." Kabati la mninga linakwenda kwa kijana aliyepanga chumba mjini, meza inasukumwa stoo, na viti viwili vilivyolegea miguu vinaishia jikoni kama kuni. Miaka mitano baadaye wajukuu wanapouliza babu alikuwa mtu wa namna gani, hakuna cha kuwaonyesha isipokuwa picha moja iliyofifia.

Lakini hata pale familia inapoamua kuvitunza vitu hivyo, hatari haijaisha. Nimeona samani nyingi zilizovumilia mchwa, mvua na watoto kwa nusu karne, zikaja kuharibiwa kwa siku moja na fundi aliyeambiwa "zirudishe ziwe mpya". Neno hilo "mpya" ndilo lenye matatizo. Kabati la babu haliwezi kuwa jipya, na likiwa jipya si la babu tena. Kinachotakiwa ni lifanye kazi yake, lisiendelee kuoza, na alama za waliolitumia zibaki mahali pake. Makala hii inaeleza namna ya kufanya hivyo, na kwa nini.

Kwanza kabisa, usichukue kitu kabla ya mirathi kukaa sawa. Msimamizi wa mirathi anatakiwa kuorodhesha mali yote ya marehemu, na kasha au kiti ni mali kama mali nyingine. Nduguyo akikuta kabati liko kwako kabla ya orodha kuandikwa, huo si urithi tena, ni ugomvi. Pigeni picha kila kitu, andikeni kilikuwa chumba gani, kubalianeni kinakaa kwa nani, na kama ikiwezekana kubalianeni pia kwamba hakitauzwa bila wengine kujua. Shangazi mmoja akiulizwa kwa adabu siku hiyo anaweza kueleza mambo ambayo hakuna karatasi inayoyajua: nani aliitengeneza meza hii, ililipiwa kwa nini, nani alizaliwa kwenye kitanda kile.

Baada ya hapo, ujue mbao uliyo nayo. Usiitazame juu, kwenye vanishi. Vuta droo (wazee wetu waliiita mtoto wa meza) na uangalie sehemu ya chini ambayo haikupakwa kitu. Mninga una rangi ya kahawia inayoelekea dhahabu au wekundu. Ni mti ule ule unaotoa utomvu mwekundu kama damu ukikatwa. Mbao yake hainywei wala haivimbi sana, ndiyo maana mafundi waliipenda kwa makabati na milango. Mvule huanza na rangi ya manjano na kukolea kadiri unavyokaa kwenye mwanga, na wakati mwingine ndani yake mna vijiwe vya chokaa vinavyofisha meno ya msumeno. Mtiki una mafuta, ukiugusa mahali palipokwanguliwa unausikia kama umepakwa kitu. Mpingo ni mweusi na mzito kiasi kwamba kipande chake huzama majini. Kujua hivi si ufahari. Gundi inayoshika vizuri kwenye mninga inaweza kubanduka kwenye mtiki usipofuta kwanza yale mafuta, na vumbi la mninga na la mvule huwasumbua baadhi ya watu kifuani na kwenye ngozi, kwa hiyo barakoa ni lazima.

Sasa tuje kwenye msasa, maana hapa ndipo mali inapopotea. Rangi ya mbao iliyokaa miaka hamsini imetokana na mwanga, hewa, moshi wa taa ya kandili, nta, mafuta ya mikono. Rangi hiyo imekaa katika tabaka jembamba mno la juu. Mashine ya msasa huliondoa kwa dakika chache, na chini yake unatokea mbao unaofanana na ule ulioletwa jana kutoka kiwandani. Pamoja na rangi zinaondoka kingo zilizolainishwa na viganja, mkwaruzo wa bakuli mahali mama alipokuwa akipakulia, mistari ya penseli iliyopima urefu wa watoto. Hakuna fundi awezaye kuvirudisha. Kwa hiyo ninasema wazi: asilimia kubwa ya samani zinazopelekwa kupigwa msasa hazikuhitaji msasa. Zilihitaji kuoshwa.

Osha kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na sabuni laini, sehemu ndogo kwa wakati, kisha futa na kukausha papo hapo. Usimwage maji. Kama uchafu umeganda, jaribu tapentaini kidogo mahali pasipoonekana. Ukitaka kujua kitu kilipakwa nini, weka tone la spiriti sehemu ya nyuma: rangi ikilainika na kunata, yaelekea ni shelaki, polishi ya zamani inayotokana na utomvu wa wadudu, isipobadilika, huenda ni vanishi ya kisasa. Shelaki ina faida moja kubwa, nayo ni kwamba inaweza kuongezwa juu ya ile ya zamani bila kukwangua. Doa jeupe la kikombe cha chai kwa kawaida liko ndani ya polishi tu na huweza kushughulikiwa. Doa jeusi limeingia kwenye mbao, mara nyingi mahali ambapo chuma na maji vilikutana. Hilo jeusi liache. Si aibu kwa meza kuwa na doa.

Mwisho wa usafi ni nta. Chukua nta ya nyuki, kama ile inayotoka Tabora, ikwangue, iyeyushe kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kisha iondoe mbali na moto kabisa ndipo uchanganye tapentaini, sehemu mbili au tatu kwa sehemu moja ya nta. Kamwe usiipashe juu ya moto wenyewe, kwa maana tapentaini hushika moto upesi. Paka kidogo sana, subiri, sugua kwa kitambaa kikavu. Wengine hupenda mafuta ya kitani. Ni mazuri, lakini matambara yaliyolowa mafuta hayo yakikunjwa na kutupwa pembeni hupata joto yenyewe na yanaweza kuwaka bila mtu kuyawasha. Yatandaze nje yakauke, au yaloweke majini.

Viti vina ugonjwa wao. Kiti hulegea kwa sababu ulimi wa mbao unaoingia kwenye tundu la mguu umenywea, gundi imekufa, na sisi tunaegemea nyuma kwa miguu miwili kila baada ya chakula. Dawa ya haraka ya mtaani ni msumari. Msumari hutuliza kwa miezi, kisha unapasua ulimi ule ule uliotakiwa kuponywa, nao hupata kutu na kuacha weusi. Njia sahihi ni kukifungua kiungo taratibu, kukwangua gundi ya zamani mpaka mbao ionekane (gundi nyeupe ya kisasa haishiki vizuri juu ya gundi kavu), kupaka mpya, na kukibana usiku kucha. Kama huna jiriwa, kata mpira wa ndani wa tairi la baiskeli uwe ukanda mrefu, uuvute na kuuzungusha. Unabana kuliko watu wanavyodhani. Samani nyingine za kale ziliunganishwa kwa gundi iliyochemshwa kutokana na ngozi za wanyama. Hiyo hulegea kwa joto na maji ya uvuguvugu, kwa hiyo kiungo chake hufunguka bila kuvunjwa. Ni busara ya mafundi wa zamani: walijua kwamba siku moja mtu atakuja kutengeneza tena. Gundi kali za siku hizi hazimwachii nafasi mtu huyo.

Kuhusu nyufa, vumilia. Mbao hunywea na kuvimba kwa upana wake kufuatana na unyevu wa hewa, karibu hakuna kwa urefu. Kasha lililokaa Tanga miaka arobaini likihamishiwa Dodoma litapasuka, na kosa si la kasha. Ndiyo maana milango ya makabati mazuri ina ubao wa katikati uliowekwa tu ndani ya mfereji bila gundi, upate kucheza. Fundi asiyejua akiona unacheza huupiga gundi au misumari, na kiangazi kifuatacho unapasuka katikati. Vivyo hivyo, ufa unaofunguka kiangazi na kujifunga masika usiujaze gundi iliyochanganywa na unga wa mbao: masika ikija, mbao ikavimba, haina pa kwenda. Droo inayogoma nayo haihitaji randa. Subiri kiangazi, kisha sugua mshumaa chini yake na kwenye reli zake. Katika seminari hatujawahi kukosa vipande vya mishumaa.

Wadudu wanaotoboa mbao hutambulika kwa unga. Matundu peke yake ni historia. Matundu yenye unga mpya chini yake asubuhi ni vita. Hupenda zaidi ule mbao mweupe wa pembeni mwa gogo kuliko kiini. Kitu kidogo kama kigoda au mwiko wa kale unaweza kukifunga vizuri ndani ya plastiki na kukiweka kwenye friza lenye baridi kali kwa wiki mbili, jambo ambalo makumbusho mengi hufanya. Kwa kabati, tafuta dawa ya mbao, ipakwe nje penye hewa na mtu mwenye glavu. Mchwa ni suala la nyumba zaidi kuliko la samani: inua miguu isigusane na sakafu ya udongo, usisogeze kabati hadi ligusane na ukuta.

Kwa familia za pwani, au zilizooa na kuolewa pwani, mara nyingi urithi ni kasha lenye misumari ya shaba. Mengi ni ya mtiki, mengine yaliletwa na majahazi kutoka India na Ghuba, na ndani upande mmoja huwa na kisanduku kidogo cha dhahabu na hati, wakati mwingine chenye mahali pa siri. Kabla ya kuuza angalia vizuri! Shaba yake watu huisugua kwa ukwaju au ndimu mpaka ing'ae. Inang'aa kweli, lakini tindikali hiyo hula shaba kidogo kidogo, na majimaji yanayobaki chini ya kichwa cha msumari huacha ukijani unaoingia kwenye mbao. Kitambaa kikavu kinatosha.

Kuna kitu kimoja ambacho hupaswi kukitengeneza wala kukihamisha kabla ya kuuliza. Ukikuta kwenye masanduku ya babu jino la tembo, kiti kilichopambwa kwa pembe hizo, au ngozi ya chui, fahamu kwamba hapa Tanzania, kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, kumiliki nyara za Serikali bila kibali ni kosa, hata kama ulirithi. Mwone afisa wanyamapori kabla ya kukipakia kwenye basi.

Nalo swali huulizwa mara kwa mara na familia zilizompoteza padre: kalisi yake, msalaba wake wa altareni, vyote vimerudi nyumbani pamoja na nguo zake. Kanuni ya 1171 ya Sheria ya Kanisa inasema vitu vitakatifu vilivyowekwa kwa ajili ya ibada vitendewe kwa heshima na visitumiwe kwa matumizi ya kawaida, hata vikiwa mali ya mtu binafsi. Kwa hiyo kalisi haikai kwenye kabati la vyombo. Zungumzeni na paroko wenu. Na kwa sanamu za thamani zinazoheshimiwa kanisani, Kanuni ya 1189 inakataza zisikarabatiwe bila kibali cha maandishi cha Ordinari, naye ashauriane kwanza na wataalamu. Ningetamani kila kabati la babu lipate ulinzi wa namna hiyo.

Kazi ikiisha, chukua karatasi nzuri na penseli, kwa sababu wino wa kalamu nyingi hufifia. Andika kitu hiki ni cha nani, kimetengenezwa kwa mbao gani, kilitoka wapi, kimepita mikononi mwa nani, na umekitengeneza nini na kwa gundi gani. Kama hujui mwaka, andika tukio: kabla ya uhuru, mwaka wa kimbunga, alipozaliwa mtoto wa tatu. Usitumie selotepu, inaacha gundi ya njano. Ikunje, iweke kwenye bahasha, na uibane kwa vibanio vya kuchorea chini ya droo ya mwisho, upande ambao hakuna anayepaona mpaka avute droo yote nje.