Bolti Zinazoshika Pangaboi

Mji wa Arua, Uganda, uko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Desemba hadi Februari jua hukausha kila kitu, kisha mvua hurudi. Kwa mwenye ndege ya kujiundia, yenye pangaboi la mbao, mabadiliko hayo si jambo dogo.

Mbao hunywea inapokauka. Bolti zilizokazwa vizuri wakati wa mvua hulegea, pangaboi huanza kusugua sahani ya chuma inayolishikilia, na joto la msuguano huunguza mbao. Wengi hudhani bolti ndizo zinazolizungusha. Sivyo: kazi yake kubwa ni kulibana, na mbano huo ndio unaopitisha nguvu ya injini. Mbano ukipungua, bolti hupindapinda kidogo katika kila mzunguko, hupata ufa, hatimaye hukatika. Pangaboi likivunjika upande mmoja, mtetemo wake waweza kuing'oa injini.

Mwaka 2010, Gabriel Nderitu, mtaalamu wa kompyuta kutoka Nyeri, Kenya, alijiundia ndege. Ari kama hiyo inastahili heshima, na pia spana ya kupimia mkazo.

Rubani akihisi mtetemo mpya angani, apunguze nguvu ya injini mara moja na atafute pa kutua. Msimu ukibadilika, bolti zikaguliwe kabla ya kuruka.